Lengo Likibadilika Kabla ya Chuo: Mwongozo Kamili kwa Mhitimu wa Kidato cha Sita Kigoma

Ukishamaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, kila unayekutana naye kuanzia Gungu hadi Ujiji ana swali lile lile: "Sasa unaenda kusomea nini?" Aliyesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anatarajiwa kujibu udaktari. Wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) ajibu sheria. Wengi hujibu hivyo hivyo kwa adabu, huku moyoni wameshaanza kusita.

Mwongozo huu ni wa huyo anayesita. Msimamo wangu ni huu: lengo kubadilika ni jambo la kawaida kabisa kwa kijana wa miaka kumi na tisa. Hasara inakuja pale linapobadilika Novemba, ukiwa umesharipoti chuoni, ada imeshalipwa na mkopo umeshapangwa kwa kozi usiyoitaka. Kwa hiyo lijaribu mapema, hapa hapa nyumbani, kwa gharama ndogo. Kama ni la kuvunjika, livunjike kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Angalia kalenda kwanza

Miezi ya kusubiri ni michache kuliko inavyoonekana. Mtihani ni Mei. Majina ya wanaokwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria hutoka karibu na hapo, na mafunzo huchukua miezi mitatu. Dirisha la mikopo la HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa kawaida hufunguliwa Juni, wakati wengi wenu mko kambini. Matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) hutoka Julai, na udahili wa awamu ya kwanza hufuata. Ukipangiwa Bulombora au Mtabila utakuwa bado mkoani kwako, ila ukishaingia kambini usitegemee simu wala kutoka kwenda kufuatilia cheti.

Ndiyo maana nyaraka nimeziweka mwanzoni. Kama bado uko kidato cha tano una nafasi kubwa zaidi: likizo ya Desemba na ya Juni zinatosha kufanya sehemu kubwa ya haya bila kukimbizana na mtu.

Hatua ya 1: Andika lengo lako limetoka wapi

Chukua daftari la kurasa chache. Andika lengo ulilonalo leo, kisha jibu maswali matatu kwa ukweli, maana hakuna atakayelisoma. Nani alikuwa wa kwanza kulitaja, wewe au mtu mwingine? Ulikuwa na umri gani? Umewahi kumwona mtu akiifanya kazi hiyo kwa siku nzima, asubuhi hadi jioni?

Swali la tatu ndilo huwaumbua wengi. Anayetaka kuwa daktari amemwona daktari kwa dakika tano, mgonjwa akiwa yeye mwenyewe. Anayetaka uwakili amemwona wakili kwenye tamthilia. Usijilaumu. Weka alama kwenye ukurasa huo, tutaurudia katika hatua ya tatu.

Hatua ya 2: Maliza nyaraka kabla hujaingia kambini

Hapa ndipo vijana wengi wa mkoa wetu hukwama, na ni wenye akili nzuri tu.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Linganisha majina yaliyomo na majina yaliyosajiliwa NECTA, herufi kwa herufi. Huku kwetu mtoto anaweza kuwa na jina la babu kwenye cheti, la baba mlezi shuleni na la utani nyumbani. Yakitofautiana, nenda mapema ukaulize kama utahitaji kiapo au hati ya kubadili jina. HESLB hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki unaombwa kwa mtandao na kulipiwa. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa vivyo hivyo. Familia ambayo haijawahi kukichukua cheti hicho inahitaji muda wa kukifuatilia, basi usisubiri Julai kuanza.

Ya pili ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kigoma ni mkoa wa mpakani, na uhakiki wa uraia unaweza kwenda mpaka kwa wazazi na mababu: walizaliwa wapi, kijiji gani, nani anawafahamu. Kusanya vielelezo vya wazazi, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na kama yupo mzee wa ukoo anayeijua historia, nenda naye. Kujibu kwa hasira dirishani hakujawahi kumharakishia mtu namba.

Ya tatu ni barua pepe yako mwenyewe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Nalisisitiza hili kwa sababu huku maombi mengi hufanyikia steshenari. Kijana wa steshenari, kwa kurahisisha kazi, anaweka barua pepe yake na namba yake. Miezi miwili baadaye chuo kinatuma ujumbe wa kuthibitisha udahili, ujumbe unaingia kwenye simu yake, naye ameshafunga duka amekwenda Kasulu. Fungua barua pepe yako, andika nywila kwenye daftari, na ukae pembeni yake akiandika.

Kisha tengeneza bahasha mbili. Ya kwanza yenye nyaraka halisi ibaki nayo mtu mzima mmoja nyumbani, mtu asiyehamahama. Ya pili iwe na nakala zenye mihuri. Umwachie huyo mtu mzima pia maelekezo ya mkopo: fomu hupita kwa kiongozi wa serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, na anahitajika mdhamini mwenye kitambulisho. Kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iandikwe mahali inapoonekana. Soma tangazo la JKT la mwaka wako kuhusu vyeti vya kwenda navyo kambini, ili usiache nyumbani kinachotakiwa kule.

Kuhusu vifaa vya JKT, fuata tangazo hilo hilo. Kwa kawaida hutajwa bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani isiyo na maandishi, raba, shuka mbili za bluu bahari na soksi ndefu nyeusi. Nunua taratibu, bei hupanda wiki ya mwisho watu wote wanapokimbilia sokoni.

Hatua ya 3: Lijaribu lengo kwa macho na miguu

Sasa rudi kwenye ule ukurasa uliowekea alama.

Kama ni udaktari, uuguzi, famasia au maabara, andika barua fupi kwa Mganga Mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, uambatanishe utambulisho wa serikali ya mtaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ina shughuli nyingi na wanafunzi wake wa vitendo. Zahanati ni rahisi zaidi kukubaliwa. Omba kusaidia kazi ambazo hazimgusi mgonjwa: kupanga mafaili, kuelekeza watu foleni, kufuta benchi. Usiombe kuvaa koti jeupe. Usipige picha. Na ukimwona mama mwenye nyumba wenu kwenye foleni, hilo linaishia hapo hapo. Mji huu ni mdogo, na siri ya mgonjwa ndiyo somo la kwanza la taaluma hiyo.

Ukiwa hapo tazama vitu ambavyo havisimuliwi. Tabibu anaandika kiasi gani kwa siku? Muuguzi wa zamu ya usiku anatoka na uso gani asubuhi? Dawa ikikosekana, nani anamweleza mgonjwa, na anamwelezaje? Wakipata nafasi ya kupumua, waulize swali moja zuri kuliko yote: "Siku gani kwenye kazi hii unatamani isingekuwepo?" Jibu lake litakufundisha zaidi ya semina ya ushauri wa kozi. Ukisikia siku hiyo mbaya na bado ukatamani kurudi kesho, lengo lako lina mizizi. Halafu piga hesabu ya muda: shahada ya udaktari ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa kikamilifu.

Kama ni sheria, kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu kesi nyingi husikilizwa katika mahakama ya wazi. Vaa nadhifu, zima simu, kaa benchi la nyuma, usitoke katikati ya shauri. Hudhuria asubuhi kadhaa. Utagundua kwamba sehemu kubwa ya siku ni kuahirisha: shahidi hajafika, jalada halijaja, wakili anaomba tarehe nyingine. Mwenye subira na karatasi atapapenda. Mwenye kupenda kusikika tu atachoka kabla ya saa sita mchana. Ujue pia kuwa shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), Dar es Salaam, na mtihani wake si wa kupita ukisinzia: mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, mpaka serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Sikutajii haya kukutisha. Kijana anayepanga miaka apange na hiyo.

Ualimu unajaribika kwa njia inayoleta na hela kidogo: fundisha tuisheni ya hisabati au baiolojia kwa watoto wa kidato cha pili mtaani kwenu. Mtoto wa tatu asipoelewa kitu kile kile kwa mara ya nne, jisikilize unachohisi.

Uhandisi, tafuta eneo la ujenzi, muombe msimamizi ruhusa, na uangalie nani anashika mchoro na nani anashika sepetu. Uhasibu, kaa na mfanyabiashara wa jumla pale Mwanga akifunga hesabu za mwezi; anayetaka CPA, sifa ya mhasibu aliyeidhinishwa, ajue mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ipo baada ya shahada.

Lipo na jambo ambalo vijana wa hapa hulidharau kwa sababu wamezaliwa nalo mlangoni, nalo ni ziwa. FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, ina kampasi Kigoma, na taasisi ya utafiti ya TAFIRI ina kituo hapa. Mwanafunzi wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia) au PCB ambaye moyo umetoka kwenye hospitali lakini bado anapenda baiolojia, aende akaulize huko kabla hajaandika kozi ya kubahatisha iliyo mbali na kwao.

Baada ya kujaribu, rudi kwenye daftari uandike kwa nini unataka kubadili. Ukiona umechoshwa na kazi yenyewe ya kila siku, badili bila aibu. Ukiona unaipenda kazi ila unaogopa ugumu au alama, usibadili bado. Soma hatua inayofuata. Ukiona unabadili kwa sababu rafiki yako wa bwenini amebadili, funga daftari ulale, uliangalie tena baada ya wiki.

Hatua ya 4: Hesabu alama kwa kanuni iliyo sahihi

Matokeo yakitoka, kuna mkanganyiko mmoja unaowaliza watu bure. NECTA, kwa ajili ya kupanga daraja, inahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4 na E 5. Ndogo ndiyo nzuri. Kwenye udahili wa vyuo hesabu inageuka: A ni 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, kubwa ndiyo nzuri. Mwenye C, C na D ana pointi 10 za NECTA, yaani daraja la pili. Kwenye udahili ana pointi 8. Akisoma sifa za kozi zinazotaka "pointi 6" na kulinganisha na ile 10, ataelewa kinyume kabisa.

Soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huo huo, maana sifa hubadilika. Tazama jumla ya pointi, kisha tazama alama inayotakiwa kwenye kila somo. Kozi za afya huwa na masharti ya kemia na baiolojia yanayoweza kukuacha nje hata jumla yako ikitosha.

Na kama alama hazikufika, kuna mlango wa stashahada chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya elimu ya ufundi na mafunzo. Utabibu ni miaka mitatu, na mwenye stashahada hiyo na GPA (wastani wa alama) inayokubalika anaweza baadaye kuomba shahada ya udaktari. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 HESLB inatoa mikopo pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya. Njia hii ni ndefu, lakini mhitimu wake anaanza kuhudumia wagonjwa mapema, na wapo madaktari wazuri waliopita humo.

Hatua ya 5: Zungumza na wazee

Usitangaze mabadiliko mezani mbele ya wageni, wala kwa ujumbe wa simu. Kama baba ameuza mafuta ya mawese misimu miwili akikusomesha huku akijiita "baba daktari", unachobadilisha ni jina lake pia. Mtangulize mtu: shangazi, mjomba au baba mdogo ambaye kauli yake inasikilizwa. Mpe daftari alisome kwanza.

Siku ikifika, salimia, kaa, anza na shukrani, kisha uende kwenye jambo lenyewe:

"Baba, shikamoo. Nimekaa zahanati wiki mbili kama mlivyoniruhusu. Kazi nimeiona. Moyo wangu uko kwenye maabara zaidi kuliko wodini. Nimeangalia alama, nimeangalia vyuo na gharama, nimeandika hapa. Naomba mnishauri."

Hayo yana nguvu kuliko "sitaki tena udaktari". Mzee akinyamaza, mwache anyamaze. Akikasirika, usijibu siku hiyo. Mara nyingi jibu la kweli huja siku ya pili kupitia kwa mama. Na ikiwa wanakushauri kitu ambacho hukukiona, kiandike. Wazee wetu hawakusoma mwongozo wa TCU lakini wanajua nani kwenye ukoo alisoma nini na akaishia wapi.

Hatua ya 6: Omba kwa mpangilio

Kwa shahada, unaomba moja kwa moja kwenye chuo unachokitaka. Chagua vyuo vichache, ukichanganya kozi yenye ushindani mkali na ile ambayo alama zako zinaitosha kwa nafasi. Kwa fani za afya kuna MUHAS Dar es Salaam, CUHAS-Bugando Mwanza, Chuo Kikuu cha KCMC Moshi (zamani KCMUCo), UDOM Dodoma na vingine. Linganisha nauli na gharama za mji, usiangalie ada peke yake. Lipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa chuo. Anayekutaka utume hela kwenye namba yake binafsi ili "akushikie nafasi" ni tapeli, hata akijua jina lako kamili na shule uliyosoma.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu au barua pepe, ndani ya muda uliotangazwa. Usipothibitisha, nafasi inapotea. Hapo ndipo utakumbuka kwa nini nilipiga kelele kuhusu laini ya simu.

Hatua ya 7: Jifunze kuishi peke yako ukiwa bado nyumbani

Tuanze na pesa. Posho ya chakula na malazi ya HESLB ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bumu, kama wanafunzi wanavyoiita posho hiyo, ikiingia ya siku 60 ni 600,000, na mtu ambaye hajawahi kushika laki moja hujiona tajiri kwa siku nne hivi. Tuseme chumba cha kupanga ni 50,000 kwa mwezi: toa 100,000. Zimebaki 500,000, sawa na kama 8,300 kwa siku. Toa 2,000 za nauli, kutoa nakala na bando. Chakula chako ni 6,300, na hapo hujaugua wala hujanunua sabuni.

Fanya zoezi hili nyumbani: kwa wiki moja, andika kila kitu unachokula na kutumia kwa bei ya sokoni, hata kama mama ndiye aliyekinunua. Uone kama unaingia kwenye 6,300. Jiepushe pia na zile huduma za kukopa kwa simu. Deni dogo la Jumatatu ndilo linalokula bumu ya mwezi ujao.

Kibarua cha kusubiria kipo cha kila aina, lakini usitegemee mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, bila kuuliza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi ile ile ambayo mhitimu asiye kambini yuko nyumbani. Sikiliza tangazo la mwaka wako kabla ya kupanga kubeba makasha kwenye mwalo wa Kibirizi. Tuisheni, kuuza duka la ndugu, au kusaidia steshenari (ukiweka barua pepe za wateja wenyewe, tafadhali) ni salama zaidi.

Jifunze kupika vitu vinne: maharage, wali, ugali usio na mabonge, na dagaa. Wavulana, hili ni lenu hasa. Jifunze kufua shuka, kushona kifungo, na kumwambia mtu "hapana, sina" bila kueleza sana. Soma ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa sauti kila siku, kwa sababu mihadhara haitakusubiri, na jizoeze kuchapa kwa vidole vyote badala ya viwili.

Ukiondoka, beba dagaa wakavu. Dagaa wa Kigoma wana jina nchi nzima. Utakula wiki za mwanzo kabla bumu haijaingia, na wenzako wa vyumba vya jirani watakuja kununua. Wafunge vizuri kwenye ndoo yenye mfuniko, mwenzako wa behewani hana kosa. Pamoja nao uwe na nauli ya kurudi na hela ya wiki tatu isiyotokana na mkopo, kwa sababu majina ya mkopo hutoka kwa awamu na si kila mtu yuko kwenye awamu ya kwanza.

Ukishafika na moyo ukabadilika tena

Hutokea. Uhamisho wa kozi ndani ya chuo, au kutoka chuo kimoja kwenda kingine, una muda maalumu unaotangazwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, na unakubaliwa pale tu unapokuwa na sifa za kozi unayoihamia na nafasi ikiwepo. Nenda ofisi ya udahili wiki ya kwanza, uulize tarehe ya mwisho, na umuulize afisa mikopo wa chuo uhamisho huo utaathiri vipi mkopo wako kabla hujasaini chochote. Ukipitwa na tarehe hiyo, usiache kuhudhuria darasani kimyakimya ukisubiri mwaka ujao: omba kuahirisha masomo kwa barua, upate jibu kwa maandishi, na nakala yake uitume nyumbani kwa yule uliyemwachia bahasha.